Tonge Mkononi Kwanza: Kuandaa Udongo wa Mboga na Maua kwa Majira ya Machipuko

Siku ya kwanza ya jua baada ya miezi ya baridi ndiyo siku inayoharibu bustani nyingi. Mtu amekuwa akitazama pakiti za mbegu muda wote wa baridi, mikono inamwasha, jembe na uma vimeota kutu stoo. Anatoka, anapindua udongo unaong'aa kwa maji, na jioni anaingia ndani ameridhika. Wiki tatu baadaye tuta lile lile limejaa mabonge magumu kama matofali mabichi, karoti zimeota moja hapa moja pale, na mvua ikinyesha maji yanatuama juu badala ya kuzama. Kosa hilo halina mbolea ya kulitibu msimu huo huo. Mizizi, nyungunyungu na barafu ya mwaka unaofuata ndivyo vitakavyoulegeza tena, na havina haraka.

Kinachotokea ni hiki. Udongo mzuri wa bustani ni chembe zilizoshikana kuwa vijibonge vidogo vidogo, kama makombo ya mkate, na katikati ya vijibonge hivyo kuna mianya. Karibu nusu ya ujazo wa udongo wenye afya ni mianya hiyo, sehemu ikiwa na maji na sehemu ikiwa na hewa. Udongo ukilowa, maji yanalainisha chembe za mfinyanzi kama mafuta. Ukizikanyaga au kuzikata kwa sepetu zinateleza, zinalala bapa moja juu ya nyingine, mianya inazibika. Zikikauka katika hali hiyo, umepata tofali.

Kwa hiyo kabla ya chombo chochote, mkono. Chimba kashimo ka sentimita 10 hadi 15, kwa sababu juu huwa pamekauka na padanganya. Chukua udongo wa chini kabisa ujaze kiganja, ufinye uwe tonge, kisha ulisukume kwa kidole gumba. Likisambaratika, kazi ianze. Likibonyea tu na kubaki na alama ya kidole, au likiacha utando unaong'aa kwenye kiganja, funika shimo urudi ndani. Rudia baada ya siku mbili au tatu. Pima sehemu zaidi ya moja: upande wenye kivuli cha ukuta unaweza kuchelewa wiki nzima nyuma ya upande wa jua, na hakuna sheria inayosema bustani yote ilimwe siku moja. Udongo wa kichanga huwa tayari mapema zaidi. Mfinyanzi ndio unaotaka uvumilivu. Na ukichelewa sana ukaukuta mkavu wa vumbi, mwagilia kidogo jioni, ulime kesho yake.

Kama ni lazima upite juu ya udongo uliolowa, labda kuvuna vitunguu vilivyokaa baridi nzima, weka ubao upite juu yake. Uzito unagawanyika, nyayo hazizami.

Jua kwanza una udongo gani

Watu hununua magunia kabla ya kujua wanatibu nini. Kipimo cha chupa hakina gharama na kinasema mengi. Chukua chupa ya kioo iliyonyooka, yenye mfuniko. Jaza udongo uliopepetwa mawe na mizizi hadi theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, tia kijiko kidogo cha sabuni ya kufulia au ya vyombo ili chembe ziachane, kisha tikisa kwa nguvu dakika tano mpaka pasibaki bonge. Iweke mahali ambapo hakuna atakayeigusa. Baada ya dakika moja weka alama kwa kalamu: kilichotuama ni mchanga. Baada ya saa mbili weka alama ya pili: ni tope laini. Mfinyanzi unashuka polepole, siku nzima au mbili, na maji yakiwa bado na ukungu siku ya tatu hiyo yenyewe ni habari. Vijiti na majani yanayoelea juu ni mabaki ya mimea, usiyahesabu.

Pima kwa rula. Tuseme jumla ni sentimita 10: mchanga 4, tope laini 4, mfinyanzi 2. Hiyo ni asilimia 40, 40 na 20, yaani tifutifu ambayo wengi wetu tungeiomba. Mfinyanzi ukizidi asilimia 40 una udongo mzito: unashika rutuba na maji vizuri, lakini unachelewa kupata joto na haukusamehe ukiukanyaga mbichi. Mchanga ukizidi asilimia 70 una udongo unaopata joto upesi na kulimika mapema, lakini mbolea unayomwaga leo inaweza kuwa imeshasombwa chini na mvua ya kesho kutwa.

Kipimo cha pili ni cha maji kuzama. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo. Lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena na upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Kati ya sentimita 2.5 na 7.5 ni sawa kwa karibu kila mboga. Chini ya hapo mizizi itakosa hewa kila mvua ikinyesha, na dawa yake ni tuta lililoinuliwa sentimita 15 hadi 20. Zaidi ya sentimita 10 kwa saa, maji yanakukimbia na utahitaji mboji na matandazo kuliko jirani yako.

Cha tatu ni maabara, na hapa sampuli ndiyo kazi. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za bustani, kila mahali kwa kina kile kile cha sentimita 15, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, zinki yake itaingia kwenye majibu. Ukaushe kivulini, toa nusu kilo hivi upeleke. Usichanganye eneo la maua na la mboga kama yametunzwa tofauti, na usichukue sampuli baada tu ya kumwaga mbolea au chokaa. Kipimo kimoja kila miaka mitatu kinatosha. Ikiwa bustani iko kando ya nyumba ya zamani ambayo rangi yake imekuwa ikibanduka, omba pia wapime madini ya risasi, ambayo ni sumu, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa nayo, na haitoki udongoni yenyewe.

Uchachu wa udongo

Mboga nyingi hustawi pale pH, yaani kipimo cha uchachu, kikiwa kati ya 6.2 na 6.8. Kikishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, fosforasi inafungwa mimea isiweze kuichukua, na bakteria wa mizizini wanaozipa njegere na maharage naitrojeni wanalegea. Kikipanda juu ya 7.5, chuma na manganizi ndivyo vinavyofungwa, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Namba ikishuka uchachu unapanda, na kila hatua moja ni mara kumi: udongo wa 5 una uchachu mara kumi ya ule wa 6. Ndiyo maana "kachokaa kidogo tu" kwa kukisia ni mchezo mbaya.

Chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, inachukua miezi kufanya kazi, hivyo mahali pake ni kabla ya baridi kuingia. Ukiikumbuka mwanzoni mwa machipuko, imwage tu, lakini usitegemee mabadiliko makubwa kwa mazao ya mwanzo. Mfinyanzi unahitaji chokaa nyingi kuliko mchanga kwa badiliko lile lile, kwa kuwa unashika uchachu zaidi, kwa hiyo kiasi kamili kitoke kwenye majibu ya maabara. Hata maabara ikisema nyingi, usizidishe robo kilo kwa mita mraba kwa mara moja. Gawa mara mbili. Chokaa yenye magnesiamu itumike pale tu ambapo maabara imeonyesha magnesiamu ni pungufu.

Majivu ya kuni ni chokaa pia, ingawa dhaifu, na yana potasiamu. Yanafanya kazi haraka. Kilo moja kwa mita mraba kumi kwa mwaka ndiyo mwisho, na isipite sehemu za viazi mviringo, kwani viazi hupata ukurutu wa ngozi udongo ukiwa wa alkali. Usiyachanganye na mbolea ya urea au ya amonia: naitrojeni itageuka gesi na kupotea, harufu kali ya pua itakujulisha. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au dawa hayana kazi bustanini.

Kushusha pH kwa salfa kunategemea bakteria, na bakteria hao hawafanyi kazi udongo ukiwa baridi. Weka mwaka mmoja kabla. Kama udongo wako kwa asili una mawe ya chokaa, nafikiri ni afadhali kupanda unachokubaliwa kuliko kupigana nao. Mimea inayotaka uchachu mwingi iende kwenye vyungu.

Mboji: kiasi gani

Hapa ndipo penye uzito, na hapa pia watu huzidisha. Hesabu ni rahisi: sentimita moja ya mboji juu ya mita moja mraba ni lita 10. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 ni mita mraba 6. Ukitaka tabaka la sentimita 3 unahitaji lita 180, kama matoroli mawili na nusu hadi matatu. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza, kwa sababu macho hukosea: rundo linaloonekana kubwa likiwa limekaa njiani linakuwa haba likisambazwa.

Kwa udongo uliochoka au ulioanza kulimwa, weka sentimita 3 hadi 5 mwaka wa kwanza na uichanganye kwenye sentimita 15 za juu. Kuanzia hapo, sentimita 1 hadi 2 kila mwaka, juu tu, bila kuchimbia. Nyungunyungu wataishusha. Zaidi ya hapo si ukarimu. Mboji iliyotokana na samadi ina fosforasi nyingi ukilinganisha na naitrojeni, na mimea haichukui fosforasi kwa kasi hiyo, hivyo inalimbikizana mwaka hadi mwaka mpaka inaanza kuzuia mimea kupata chuma na zinki, na inayosombwa na mvua inakwenda kurutubisha mwani kwenye mito na mabwawa. Bustani nyingi zilizotunzwa kwa upendo kwa miaka mingi ugonjwa wao ni shibe.

Vivyo hivyo kwa makasha mapya ya mbao: usiyajaze mboji tupu. Inazama ndani ya mwaka, inakauka kiasi kwamba maji yanateleza juu yake, na chumvi yake inaunguza miche. Theluthi mbili udongo, theluthi moja mboji, inatosha.

Mboji iliyoiva inanuka kama ardhi baada ya mvua, haina joto, na huwezi kutambua ilitokana na nini isipokuwa labda kijiti au ganda la yai. Ukiwa na shaka, lowesha kidogo, funga ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa, uuache siku tatu ndani ya nyumba. Ukifungua ukakutana na harufu ya siki au ya amonia, haijaiva. Mboji mbichi ikichanganywa udongoni huendelea kuoza pale, ikinyang'anya miche naitrojeni na hewa. Rundo lililofika nyuzijoto 55 hadi 65 na kugeuzwa mara kadhaa huwa limeua mbegu nyingi za magugu. Rundo lililojiozea polepole kwenye kona halijaua chochote, na utayaona magugu hayo yote yakiota kwenye mistari ya karoti.

Samadi mbichi na machipuko haviendani. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kumwaga samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lile lisilogusa. Sababu ni vijidudu kama E. coli. Ukihesabu siku 120 kutoka mwanzo wa machipuko utagundua saladi, figili na spinachi zote zimeshaliwa. Kwa hiyo samadi mbichi iwekwe kabla ya baridi, au iozeshwe kwanza. Karoti zikikutana na samadi mbichi au bonge gumu hugawanyika miguu miwili mitatu. Samadi ya kuku ndiyo kali kuliko zote: iliyokaushwa, gramu 150 kwa mita mraba inatosha.

Kuna hatari nyingine kwenye samadi na nyasi kavu ambayo haionekani wala kunuka. Baadhi ya viuagugu vinavyopulizwa kwenye malisho, kama aminopyralid na clopyralid, vinapita tumboni mwa ng'ombe na farasi bila kuvunjika, na vinaweza kudumu kwenye rundo la mboji kwa muda mrefu. Haviui nyasi, ndiyo maana mfugaji haoni shida, lakini nyanya, viazi, maharage, njegere na dalia vinakunjamana kama vimesokotwa. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Pima kabla ya kumwaga: chukua vyungu vitatu, jaza mchanganyiko wa nusu samadi hiyo na nusu udongo unaouamini, vyungu vingine vitatu jaza udongo unaouamini peke yake. Panda maharage matatu kila chungu, uyaweke sehemu moja yenye mwanga na uyamwagilie bila maji ya kundi moja kutiririkia lingine. Baada ya wiki tatu tazama majani ya tatu na ya nne. Yakiwa bapa na yamefunguka kwenye makundi yote mawili, mwaga samadi yako. Yale ya vyungu vyenye samadi yakijikunja kama kikombe, ncha zikiwa nyembamba na shina limepinda, rudisha toroli ulikolitoa. Wiki tatu zinaonekana nyingi, lakini bustani iliyopata sumu hiyo inaweza kusumbua msimu zaidi ya mmoja.

Vumbi la mbao, maranda na mabua ya ngano vina makosa yake. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji karibu sehemu 24 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Mabua yana kama 80 kwa moja, vumbi la mbao mamia. Ukivichimbia, vijidudu vinachukua naitrojeni ya udongo ili vile chakula chao, na kabichi zako zinakuwa za njano kuanzia majani ya chini. Vitu hivyo hivyo vikikaa juu kama matandazo havina madhara hayo, isipokuwa kwenye tabaka jembamba kabisa la juu. Kosa liko kwenye kuchimbia.

Mengine niyapitie haraka. Mchanga hautibu mfinyanzi. Ili ubadilike kweli ungehitaji karibu nusu ya udongo wote uwe mchanga, na kiasi pungufu ya hapo hukupa kitu kinachokaribia zege. Jasi inasaidia udongo wenye sodiamu nyingi, si kila mfinyanzi. Machicha ya kahawa hayana uchachu mkubwa kama inavyosemwa. Maganda ya mayai, ambayo watu huyaweka ili nyanya zipate kalisi (kalsiamu), yanachukua miaka kuyeyuka, na kitako cheusi cha nyanya mara nyingi ni umwagiliaji wa leo mafuriko kesho ukame, huku kalisi ikiwepo udongoni tele. Chumvi ya magnesiamu kwa nyanya hizo inaweza hata kuongeza tatizo, kwani magnesiamu inashindana na kalisi kuingia mizizini.

Kulegeza bila kupindua

Udongo ulio hai hauhitaji kupinduliwa kila mwaka. Chomeka uma hadi mwisho wa meno, vuta mpini nyuma mpaka udongo uinuke na kupasuka, chomoa, rudi nyuma sentimita 15, rudia. Tabaka la juu linabaki juu, mbegu za magugu zilizolala chini zinabaki gizani. Pawatila inasaga vizuri mara ya kwanza unapofungua kiwanja cha nyasi, lakini ikipita kila msimu kwa kina kile kile inajenga sakafu ngumu chini ya meno yake na kuvunja vijibonge kuwa unga. Unga huo mvua ya kwanza inaupiga kuwa ganda, na miche ya karoti haina nguvu ya kulitoboa.

Matuta ya upana wa mita 1.2 yanafikiwa kutoka pande zote mbili bila kukanyaga, na njia za sentimita 45 zinatosha mtu na ndoo. Kwa toroli ziongeze. Mara tu matuta yakishapatikana, miguu ikae njiani, yako na ya watoto.

Kama ulipanda mmea wa kufunika udongo wakati wa baridi, ukate kabla haujatoa mbegu, wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Nafaka za jamii ya rai zikioza hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota. Miche mikubwa haijali, mbegu za saladi na karoti zinajali sana.

Tuta likishasawazishwa kwa reki, jizuie usipande. Liache wiki mbili, mwagilia kama hakuna mvua, magugu yaote. Kisha siku kavu pitisha jembe la palizi juu juu, sentimita moja au mbili tu, uyakate. Ukichimba zaidi unaamsha kundi jipya. Kwa vitunguu na karoti, zinazoota polepole na kuzidiwa haraka, wiki hizo mbili zinaokoa saa nyingi za kupiga magoti baadaye.

Joto

Tarehe kwenye pakiti ya mbegu haijui bustani yako. Chomeka kipimajoto sentimita 5 hadi 10 udongoni, asubuhi, siku tatu au nne mfululizo. Njegere, spinachi na saladi zinakubali kuanzia nyuzijoto 5 au 7. Karoti, vitunguu na viazi mviringo zisubiri 7 hadi 10. Maharage, na miche ya nyanya, 15 au 16. Matango na maboga 16 hadi 18, hoho 18, tikiti hata zaidi. Mbegu ya haragwe katika udongo wa nyuzijoto 10 na maji tele haioti, inaoza, na ukiifukua inapasuka kati ya vidole ikinuka.

Miche ya nyanya ikiwekwa mapema mno majani yake yanakuwa ya zambarau kwa chini. Wengi hukimbilia mbolea ya fosforasi. Fosforasi ipo, mizizi ya baridi ndiyo inayoshindwa kuichukua, na udongo ukipata joto rangi hiyo inatoweka yenyewe. Naitrojeni nayo inasuasua chini ya nyuzijoto 10, kwa sababu bakteria wanaoigeuza kuwa chakula cha mmea bado wamezubaa.

Ili kuharakisha, ondoa matandazo ya zamani wiki mbili au tatu kabla, jua ligonge udongo wenyewe. Plastiki nyeusi inasaidia ikiwa imelala na kugusa udongo; ikipepea juu inajipasha yenyewe tu. Plastiki inayopitisha mwanga inapasha zaidi, lakini magugu yanakua chini yake kana kwamba yamelipiwa.

Mboga na maua si walaji sawa

Kabichi, brokoli, mahindi na maboga ni walafi. Mbolea ya mfuko yenye namba 10-10-10 ina gramu 10 za naitrojeni katika kila gramu 100. Anza na gramu 50 kwa mita mraba zikichanganywa juu, halafu 50 nyingine baada ya mwezi, kuliko kumwaga zote siku ya kupanda na mvua izibebe. Punje zisiguse mbegu: sentimita 5 pembeni na 5 chini. Maharage na njegere wanajitengenezea naitrojeni yao kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na ukiwashibisha wanaacha kazi hiyo na kukupa majani.

Kwenye maua kosa la kawaida ni kuyatendea yote kama kabichi. Dalia, waridi na zinia zinafurahia mboji. Kosmosi na nasturtium katika udongo ulioshiba hurefuka, zinajaa majani, zinaangushwa na upepo, na maua unayahesabu kwa vidole. Zipe sehemu ambayo haijapata kitu mwaka huu. Lavenda inataka udongo mkavu na maskini, wenye chokaa kidogo, na mara nyingi kinachoiua ni maji kusimama mizizini wakati wa baridi. Ukipanda maua kandokando ya tuta la mboga, mboji iishie sentimita 30 kabla ya ukingo, na kosmosi zikae hapo.

Matandazo yarudi mwisho, miche ikishakuwa na urefu wa kiganja na udongo ukishapita nyuzijoto 18 au hivi. Majani makavu au mabua, sentimita 5 hadi 8, yakiacha duara la vidole vitatu kuzunguka kila shina. Mwezi ule wa kwanza yafunue asubuhi mapema mara mbili kwa wiki, sehemu yenye unyevu, karibu na saladi: konokono wasio na gamba wanalala hapo, na wakiachwa watamaliza mstari mzima kwa usiku mmoja.